Wadau mlioangalia The Incredibles na watoto, hili la baba kuficha mliwaelezaje?

Mama Watatu: Habari za jioni wadau. Jana niliwawekea watoto ile ya kwanza ya 2004, ya familia yenye nguvu za ajabu inayojificha kama watu wa kawaida, nilijua ni katuni ya kupigana tu kumbe ndani mna mambo ya ndoa kabisa. Yani Bob, yule baba, kafukuzwa kazi ya bima hamwambii mkewe, kila siku anavaa suti anaaga kama anaenda ofisini, mkewe Helen anakuja kushtuka akiona ile nguo ya Bob ya zamani ya ushujaa imeshonwa pale ilipochanika. Mwanangu wa miaka 8 akaniuliza, mama si angesema tu? Nikanyamaza, maana hata mtaani kwetu wapo akina baba wameachishwa kazi na bado wanatoka alfajiri kwenda kushinda kijiweni ili nyumbani wasijue. Nyie mngemjibu nini?

Mpenda Muvi: Dada mi ningeanza na sababu ya kufukuzwa. Yule bosi hataki wateja walipwe, Bob anamnong'oneza bibi wa watu aende ofisi gani akajaze fomu gani ili apate haki yake, halafu anamwambia ajifanye analia. Siku anafukuzwa kaona mtu anakabwa nje bosi anamzuia asiende kusaidia, akapandwa hasira akamrusha bosi ukutani. Kumpiga ni kosa lake ila roho yake ilikuwa safi. Kuficha ndo sikubaliani nako, mke ndo mtu wa kwanza kuambiwa.

Kaka Mkubwa: Mi inayoniuma ni ile ya mezani. Baba anamkatia mwanawe Dash nyama mpaka sahani inapasuka na meza inakatika, watoto wanapigana, mama kwa nguvu zake za kurefuka mikono imevutika huku na huku anawashika, mara kengele ya mlangoni inalia na wote wanarudi kukaa kimya kama hakuna kitu. Jamani hiyo si ndo sisi mgeni akipiga hodi?? Na binti yao Violet kajificha nyuma ya nywele muda wote, mtoto anaona kila kitu hata usipomwambia.

Baba Nasra: Tafuteni na ya pili, ya 2018. Safari hii Helen ndo anatoka kwenda kazini Bob anabaki na watoto, hesabu za Dash hazielewi, usiku kucha hajalala kwa ajili ya kichanga wao Jack-Jack, lakini asubuhi anamwamsha Dash ashaelewa ile hesabu amfundishe kabla ya mtihani. Mke wangu yuko Muscat mwaka wa pili huu, mimi ndo nasuka nywele za binti, watu wanasema maneno sana, ile sehemu nimeirudia mara nyingi tu.

Mama Watatu: Baba Nasra Mungu akutie nguvu. Nimekumbuka pale mwishoni mwa ile ya kwanza Bob anawaambia wabaki nyuma apigane peke yake, Helen anachachamaa, ndo anakiri hana nguvu za kuvumilia kuwapoteza tena. Nimemwambia dogo baba yule alikuwa anaogopa, akaniuliza kwani baba wanaogopaga? Ya pili tunaiangalia Jumamosi, baba yao atakuwepo.