Naomba ushauri: katuni za mapigano zenye mahubiri mwishoni

Habari zenu wakuu. Mwanangu amenogewa na katuni za zamani za Marekani, hasa He-Man ya 1983. Kipindi kizima ni kurushana huku na kule (upanga wenyewe haukati mtu), halafu kisa kikiisha mhusika anawageukia watazamaji na kuanza kuwapa somo: usidanganye, sikiliza wakubwa. Dogo anaruka hapo fasta. Captain Planet ya 1990 ndiyo imezidi, wabaya wanachafua mazingira kama vile ndiyo starehe yao.

Mimi naona funzo likiwa ndani ya kisa chenyewe linaingia zaidi. Mwenzangu anasema mtoto lazima aambiwe wazi. Nimlazimishe aangalie ile sehemu, au nimwache tuongee baadaye? Wenye watoto wanaopenda katuni kama hizi mnafanyaje?