Tumechanga 1,860,000 kwa shule yetu ya msingi Newala. Tupeleke nini?

Mwana wa Kitangari

Wakuu, habari za jioni. Sisi ni watu 31 tuliomaliza la saba mwaka 1998 katika shule moja ya msingi huku uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala. Tumetawanyika: wengi wapo Dar, wengine Masasi, mmoja Songea. Tangu msimu wa korosho uliopita tumekuwa tukichanga kwenye grupu, na mweka hazina anasema sasa zipo shilingi 1,860,000.

Nusu ya wenzangu wanataka tununue madaftari na mabegi, tushone fulana zenye jina la grupu, twende siku moja, tupige picha na watoto, turudi. Wengine wanataka tupake rangi majengo. Mimi moyo hautulii. Desemba nilienda kwa msiba wa bibi nikapita pale. Shule ilikuwa imefungwa, nikachungulia dirishani kwenye darasa letu la nne. Ubao umechakaa hadi saruji inaonekana. Hakukuwa na mwalimu hata mmoja wa kumuuliza.

Walimu, na mliowahi kusaidia shule za kwenu, fedha kama hii itafanya kazi wapi?

Mwalimu Mstaafu, Tandahimba

Mwanangu, pole kwa msiba. Nimefundisha miaka 33, na 11 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Kabla hamjanunua hata kalamu moja, mpigieni mwalimu mkuu, naye mwombeni awaulize walimu wa madarasa.

Nasema hivi kwa uchungu. Kuna mwaka watu wema kutoka mbali walituletea katoni za vitabu vya hadithi vya Kiingereza, vitabu vizuri, vya rangi. Watoto wangu wa la pili na la tatu walikuwa bado wanahangaika na silabi za Kiswahili, na wengine nyumbani wanasikia Kimakonde tu. Nilisaini kuvipokea, nikashukuru, vikaishia kuliwa na mchwa ofisini. Mwaka huohuo chaki zilituishia Septemba. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Watu wengi hudhani tangu ada na michango ya lazima ifutwe mwaka 2016 shule ina kila kitu. Ruzuku ya shule ya msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 huja shuleni na 4,000 hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Mimi nilikuwa na watoto 480. Piga hesabu: 2,880,000 kwa mwaka, yaani 240,000 kwa mwezi, ya chaki, mitihani, kitasa kilichovunjika, michezo, karatasi za ofisi. Hapo hakuna fundi wa kuezeka bati. Sare, madaftari na chakula ni vya mzazi, na huku kwetu mzazi ana fedha baada ya mnada wa korosho. Ikifika Februari, Machi, mtoto anakuja hajala, na kufikia saa nne hakusikilizi tena. Mkiweza kuziba pengo la mahindi ya uji wa shuleni kwa miezi hiyo miwili, mtakuwa mmefundisha kuliko mabegi.

Halafu maji. Unajua mwenyewe uwanda wetu ulivyo, maji yako chini sana, ya bomba yanasukumwa kutoka Mitema, na pampu ikigoma tunarudi kwenye ndoo. Shule yenye bati na haina gata wala simtanki inaacha masika yote yamwagike mchangani. Sisi tulipopata tanki, watoto waliacha kuja na dumu la lita tano kichwani.

Na msiwasahau walimu wenyewe. Nililetewa binti mmoja kutoka Bukoba, hodari wa hisabati, akapangishiwa chumba kisicho na dari wala mlango unaofungika vizuri. Aliondoka baada ya miezi saba, na sikumlaumu. Msimu uliofuata mkutano wa chama chetu cha msingi cha ushirika ulikubali kila mwanachama akatwe shilingi 10 kwa kilo ya korosho kwa ajili ya shule. Wanakijiji wakafyatua tofali, tukainua boma la nyumba ya walimu hadi lenta, halmashauri ikapaua. Mwalimu aliyehamia humo alikaa miaka sita. Watoto wa miaka hiyo naweza kuwatambua kwa matokeo yao.

Fedha isipite mkononi mwa mtu mmoja, hata kama mnamwamini. Kamati ya shule ikae, muhtasari uandikwe, mdai stakabadhi, na kilichonunuliwa kiingie kwenye leja ya shule. Hiyo inamlinda mwalimu mkuu kuliko inavyowalinda ninyi.

Ticha wa Nachingwea

Shikamoo mwalimu. Naongeza kidogo kwa sababu mimi bado niko darasani. Nina watoto 94 wa darasa la kwanza. Manila, kalamu za wino mzito na vizibo vya soda vya kuhesabia nanunua au naokota mwenyewe, na sioni aibu kusema. Nilisoma kwamba hata Marekani walimu wa shule za umma hutoa mfukoni. Mwaka 2000 mwalimu wa historia wa Bronx, New York, Charles Best, akaanzisha DonorsChoose: mwalimu anaandika anachohitaji na kwa somo gani, watu wanachangia, shirika linanunua na kupeleka vifaa shuleni badala ya kutuma fedha. Nilichokipenda ni kwamba ombi linaanza na mwalimu.

Kaka, ulizia pia mabinti wa la sita na la saba. Kuna wanaokosa siku tatu, nne kila mwezi kwa sababu hawana pedi na choo hakina maji wala mlango. Mwalimu mkuu mwanaume huenda asikutajie. Mwombe azungumze mwalimu wa kike.

Mwana wa Kitangari

Shikamoo mwalimu, na ahsante dada. Nimesoma majibu yenu kwa sauti kwenye kikao cha grupu jana. Fulana tumeziacha.

Leo asubuhi nimempigia mwalimu mkuu. Alinyamaza kidogo, akasema nimpe hadi jioni aulize wenzake. Amerudi na mambo matatu: simtanki moja na gata za upande wa madarasa ya la tano na la sita, mlango na komeo la choo cha wasichana, na saruji ya kusakafia ubao wa darasa la nne, ule niliouona. Mwalimu wa kike alichukua simu akaongeza pedi za mabinti 38 hadi Novemba. Rangi hakuitaja mtu.

Kamati inakaa Jumamosi. Nani anajua bei ya sasa ya simtanki la lita 5,000 pale Newala mjini au Masasi, pamoja na usafiri hadi Kitangari? Na fundi wa gata anayeaminika?