Taarifa ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) ya siku tano: rangi ya njano ni ya kupuuzia?

Kobe_wa_Marangu
Wakuu habarini. TMA wakitoa angalizo la mvua kubwa kwa Kilimanjaro na Tanga, ile njano ina maana mvua itakuwa ndogo kuliko ikiwekwa rangi ya chungwa? Na wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro, watakaolala kambi ya Barafu, watarajie mvua au theluji?

Mvuke
Hapana mkuu, rangi haipimi mvua. Mvua kubwa kwa TMA ni milimita 50 ndani ya saa 24. Paa la mita za mraba 100 linapokea lita 5,000, kwa hiyo jiulize maji hayo yataelekea wapi. Rangi inatokana na mambo mawili: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Yote yameandikwa kwenye taarifa, ila watu wakishaona rangi wanafunga simu. Angalizo ni njano, tahadhari ni chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Njano ya "uwezekano mdogo" leo inaweza kuwa chungwa kesho, maana taarifa inahuishwa kila siku. Angalia tarehe ya kutolewa kwanza! Picha nyingi zinazozunguka kwenye magrupu zimeshapitwa na wakati.

Na mkoa kupakwa rangi wote hakumaanishi kila kata italowa. Wingu la radi lina upana wa kilomita chache tu; Same inaweza kukauka huku Rombo inafurika.

Futi_elfu_kumi_na_tisa
Kuhusu theluji, utabiri wa Moshi mjini usiubebe mlimani kama ulivyo. Kwenye hewa yenye mawingu toa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Moshi (kama mita 900) ikiwa 22, kambi ya Karanga kwenye mita 3,995 unapata nyuzi 3 na ushee: mvua baridi, hatari kuliko theluji kwa mpagazi mwenye koti linalovuja. Barafu, mita 4,673, unafika karibu na sifuri: theluji mbichi inayoyeyuka mwilini. Kilele, 5,895, ni theluji kavu. Mpaka kati ya mvua na theluji huweza kushuka mita mia kadhaa mvua ikizidi, kwa hiyo panga kwa hali mbaya zaidi: nguo za kulalia ndani ya mfuko wa plastiki, si chini ya kifuniko cha begi tu.

Mawingu ya radi hujijenga mchana. Fika kambini kabla ya saa 8.

Kobe_wa_Marangu
Shukrani. Kundi hilo baadaye linavuka kwenda Unguja kwa boti. Je, angalizo la upepo?

Tanga_na_Demani
Hapo kiwango ni kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Hizo mita 2 si kikomo: ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, moja moja linaweza kukaribia mara mbili yake. Angalia na maji kujaa na kupwa pia. Upepo ukikutana uso kwa uso na mkondo, wimbi linafupika na kusimama wima, boti inapiga. Uliza saa ya maji kugeuka kabla ya kukata tiketi.