Nimealikwa kutembea milimani Oregon mwezi wa nane, pumu yangu itaweza moshi wa misitu?

Mtembezi_Jambiani
Asalaam alaykum wenzangu. Mie natembeza wageni huku Jambiani, na kuna mzee mmoja wa Kimarekani anakuja kila mwaka mpaka tushakuwa kama ndugu, sasa kanialika tukatembee kwao kipande cha Pacific Crest Trail, ile njia inayotoka mpaka wa Mexico mpaka wa Canada, kilomita elfu nne na kitu. Sie tunakwenda jimbo la Oregon tu, kutoka Crater Lake hadi Cascade Locks, kama kilomita 500, wiki tatu. Viza nshapata, tiketi nshakata na hairudishwi pesa. Juzi ananambia moto wa misitu ushaanza, kuna vipande vishafungwa na moshi umetanda, lakini eti tutaona tukifika. Kutembea sina wasiwasi, ila nna pumu toka mdogo, jirani akiwasha tanuu la chokaa na yale magogo ya mnazi basi usiku huo silali. Barakoa za korona nnazo boksi zima, zitatosha? Na njia ikifungwa mtu hawezi kupita pembeni kimya kimya? Huku tukikuta njia imezibwa si tunapiga hodi tunapita shambani kwa mtu.

BintiMkoani
Wa alaykum salaam kaka. Mie wa Mkoani lakini nakaa Portland, mji wa huko huko Oregon, mwaka wa tisa huu. Kwanza hilo la kupita pembeni lifute kabisa, huko hakuna wa kumpigia hodi. Amri ya kufunga msitu ni sheria, ukikamatwa faini inafika dola 5,000 au jela miezi sita, na weye una viza ya kutembea tu, usijitafutie. Halafu watu wanadhani wanafunga kwa ajili ya moto peke yake. Moto ukishazimwa miti inabaki imesimama imeungua mizizi, inadondoka yenyewe hata upepo hakuna. Ule moto wa Lionshead wa 2020 karibu na Mlima Jefferson, ambao upo kwenye hicho kipande chenu, njia ilibaki imefungwa hata mwaka wa pili yake. Na Julai 2022 moto wa McKinney ulipozuka kule mpakani mwa California ilibidi watembezi kama 60 watolewe njiani. Hao ni watu wenye uzoefu, si wageni.

Moshi wenyewe ndo usiseme. Septemba 2020 hapa mjini jua lilikuwa rangi ya embe bivu mchana kweupe, tukaziba chini ya milango kwa kanga zilizoroweshwa maji, wanangu hawakutoka nje zaidi ya wiki. Na moto ulikuwa mbali na sisi!

Pweza_Mkavu
Yakhe kwani Ngezi hakuna msitu? Njoo Pemba utembee bure, moshi wetu wa makaa tu 😂

NesiWete
Mwanangu hizo barakoa za korona za buluu waachie wenyewe, moshi wa msitu una chembe ndogo mno zinapenya pembeni. Inayofaa ni N95, ile barakoa ya kuchuja chembe ndogo, na lazma igandane na ngozi pande zote, yaani kama una ndevu haikusaidii kitu. (Najua mtanijia juu kwa hili.) Hata hivyo N95 ni ya kukutoa kwenye moshi, si ya kupandia mlima na begi kilomita 25 kwa siku, pumzi hutaiweza.

Tizama namba yao ya hewa, wanaita AQI, iko kwenye ramani ya AirNow bure. Ikipita 100 mwenye pumu asitembee, asingoje kifua kibane. Ikipita 150 hata mzima apumzike. Ikipita 300 hiyo balaa kwa kila mtu. Chukua dawa ya kuvuta mbili, moja mfukoni sio ndani ya begi, na umuone daktari wako kabla, maana wengine huwa tunabadilisha dozi ya dawa ya kuzuia pumu mtu akisafiri hivi.

Mpagazi_Mstaafu
Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi, Oktoba 2022 moto uliwaka kule juu upande wa Karanga. Nilichojifunza: usiku moshi unashuka unalala bondeni, kwa hiyo usipige tenti kwenye bonde hata kama maji yapo, chota maji kisha panda juu ulale huko. Na jengine, mgeni akishalipa hela yake hataki kusikia kurudi, huyo mzee wako atasema siku moja zaidi, siku moja zaidi. Kubalianeni namba SASA, kabla hujapanda ndege. Mkiwa juu utaona haya kumwambia.

BintiMkoani
Hapo kasema kweli ami. Na njia ikifungwa watu wanaruka kipande wanakwenda na gari, hakuna anayekucheka. Au mwambie mzee mwende ufukweni, kuna Oregon Coast Trail, inafuata bahari mwanzo mwisho. Siku nyingi upepo unatoka baharini na moshi unabaki bara, ila 2020 uligeuka ukafika mpaka huko, so usiache kutizama namba.

Mtembezi_Jambiani
Nimempigia jana usiku. Alinuna kidogo halafu akakubali, 100 tunateremka, na kama Jefferson pamefungwa tunahamia pwani. Nimemhadithia mama, kacheka mpaka machozi, eti mwanangu unatoka Jambiani unapanda ndege mbili ukatembee ufukweni. Nesi, hizo N95 Unguja zinapatikana wapi? Na ndevu je, nikizipunguza tu zikabaki kidogo haitoshi?

NesiWete
Haitoshi.