Naomba ushauri: nijiunge na bomba la maji taka au nibaki na karo langu (tangi la maji taka la nyumbani)?

Wakuu, habari za leo. Nipo Dar, maeneo ya bondeni karibu na bahari. Huku ukichimba kidogo tu unakutana na maji, kwa hiyo kila masika shimo la kunyonya (linalopokea maji ya karo yanywee ardhini) linagoma. Mwezi wa nne maji meusi yalipanda hadi kwenye chemba ya jikoni, mama watoto akahamishia mapishi barazani. Gari la kunyonya nimeliita mara mbili. Likaenda kumwaga kwenye mabwawa ya maji taka ya Vingunguti, baada ya wiki shimo limejaa tena.

Sasa mtaani kuna mjadala wa kuletewa bomba la umma. Kikao cha juzi kiligawanyika, wenye nyumba za kupangisha wanagomea bili ya kila mwezi (eti karo halidai kodi!).

Shida yangu nyumba iko chini kuliko barabara, na bomba linategemea mteremko. Aliyewahi kuunganishwa katika hali hii, ulifunga pampu? Umeme ukikatika inakuwaje? Au niinue tu shimo la kunyonya kwa kifusi na mchanga? Fundi wangu anasema linawezekana, ila ndiye huyohuyo aliyenichimbia hili.