Barua ya daktari ya mdogo wangu imekataliwa, naomba msaada

Binti Mchinga:
Habari zenu ndugu zangu wa Kusini, Lindi na Mtwara. Mdogo wangu ana ualbino na uoni hafifu, kaja Uingereza kusoma masta. Karatasi anaisoma ikiwa karibu kugusa pua, macho yanacheza kushoto kulia, miwani haimalizi tatizo. Kaomba mtihani wa maandishi makubwa na muda wa ziada, ofisi ya ulemavu ya chuo inasema barua ya hospitali ya nyumbani ni ya Kiswahili tena ya zamani. Mtihani mwezi wa kwanza. Aliyepitia hili, barua yenu alitafsiri nani wakaikubali? Au ndo mpaka GP, daktari wa mtaa wa huko, ampime upya?

Mtu wa Nachingwea:
Pole dada. Mwambie aombe DSA, ile posho ya serikali ya wanafunzi wenye ulemavu, mke wangu alipewa mpaka kompyuta yenye programu ya kumsomea.

Mama wa Mikindani:
Kaka usimpoteze mtoto wa watu! DSA mwenye viza ya mwanafunzi hapati, mkeo alishakuwa mkazi. Huyu cha kushika ni Equality Act ya 2010, sheria ya usawa ya huku, ile haiangalii viza, na marekebisho chuo kinagharamia chenyewe. Aandike imeili ataje "reasonable adjustments", ndiyo hayo marekebisho, kwa maneno hayohayo ya Kiingereza, asiende kusimulia kwa mdomo. Mwanangu ana disleksia, anaongezewa robo, mtihani wa saa mbili anakaa mbili na nusu, lakini tulianza kufuatilia kabla hata hajafungua chuo.

Mzee wa Nangurukuru:
Huku Marekani tuna ADA ya 1990, sheria ya watu wenye ulemavu, ofisi inakaa na mwanafunzi mnakubaliana

Mama wa Mikindani:
Mzee wangu shikamoo, ila binti yuko Uingereza.

Mzee wa Nangurukuru:
Marahaba, nimesoma mama. Nasema kwa sababu ya hizo karatasi. Ya binti yangu ilitumwa kwa basi kwenda Dar mwezi wa tano 2024, mafuriko yakakata barabara pale Somanga, bahasha ikalala njiani siku kibao na chuo hakikusubiri. Gesi inatoka kwetu, korosho zinatoka kwetu, halafu barabara ya kwenda Dar tunategemea hiyo moja. Inaniuma mpaka leo.

Mtu wa Nachingwea:
Kweli mzee, na kabla ya daraja la Mkapa la mto Rufiji 2003 si tulikuwa tunasubiri kivuko pale Ndundu, mama anatufungulia ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, kwenye kanga, bado ya moto. Huku nimetafuta ming'oko maduka yote ya Waafrika sijaiona.

Mama wa Mikindani:
Usiniambie ming'oko saa hizi jamani, mwaka wa sita huu sijakanyaga Mikindani.

Binti Mchinga:
Asanteni sana, Mama hiyo imeili tunaandika leoleo. Ila wapendwa, ya tafsiri bado sijajibiwa. Mwisho wa kupeleka karatasi ni Ijumaa, na mdogo wangu jana kanipigia analia, kapewa karatasi ya mazoezi herufi ndogo kama chawa, kaipiga picha kwa simu anaikuza mstari mmoja mmoja, muda ukaisha yuko swali la pili.