Ushauri: upatanisho wa kiima na kitenzi kwenye Kiingereza unamshusha mdogo wangu, kidato cha pili

Mkazi_Newala
Wakuu, habari za humu. Nina mdogo wangu wa kike yuko kidato cha pili huku Newala, mwaka huu ana mtihani wa taifa. Masomo mengine anajitahidi, Kiingereza ndicho kinachomvuta chini. Nimepitia daftari lake nikakuta sentensi hii: "The price of cashew nuts have increased." Imepigwa mkasi kwa kalamu nyekundu, sababu haikuandikwa. Nikimuuliza ananijibu "kaka, nuts si ni wingi?" Aina za maneno amezikariri zote nane, nomino hadi kihisishi, ila akiingia kwenye sentensi anapotea. Tuisheni iko mjini, sisi tuko kijijini. Nimsaidieje?

Ticha_Nachingwea
Mkuu, huyo binti jibu analo tayari mdomoni. Mwambie aiseme kwa Kiswahili: "Bei ya korosho imepanda." Kuanzia Tandahimba hadi Liwale hutamsikia mtu akisema "bei ya korosho zimepanda". Kitenzi kinafuata bei. Korosho imewekwa pale kueleza ni bei ya nini. Kiingereza nacho kinataka hivyohivyo: the price has increased.

Mpe na magunia. "Gunia la korosho limefika ghalani", the bag of cashew nuts has arrived. "Magunia ya korosho yamefika", the bags of cashew nuts have arrived. Aone kwamba cashew nuts haikuguswa kabisa, kilichohama ni bag na kitenzi chake.

Kisha ashike penseli. Kila akikuta kihusishi kabla ya kitenzi, yaani of, in, from, with na wenzake, akikate pamoja na nomino inayokifuata. "The farmers ~~in our village~~ sell", "the smell ~~from the factories~~ is". Hapo ndipo aina za maneno zinapopata kazi. Inaniuma sana kuona watoto wanakaririshwa orodha kama wimbo bila kuonyeshwa kihusishi kinamsaidia nini mtu anayeandika. Mtoto aliyezaliwa na lugha yenye ngeli hana sababu ya kuogopa upatanisho wa Kiingereza, maana sisi tunapatanisha kivumishi, kiwakilishi na kitenzi kwa pamoja.

Binti_Mikindani
Naunga mkono. Niongezee kwenye ile s. Wanafunzi wengi wanaiona s wanadhani siku zote ni wingi. Kwenye nomino kweli ni wingi, kwenye kitenzi cha wakati uliopo ni umoja wa nafsi ya tatu. The farmer sells, the farmers sell. Akikanusha, s inahamia kwenye does: "she does not sell", siyo "does not sells". Na baada ya can, must na will haiji kabisa. Kivumishi nacho asikiwekee wingi kwa mazoea yetu ya "vitabu vizuri": ni good books, different people.

Mzee_wa_Kilwa
Ticha umesema vema, lakini mtahadharisheni huyo binti, kuna mahali Kiswahili kitampoteza. Sisi tunasema maji yamejaa, maziwa yameharibika, habari zimefika, nywele zake ni ndefu. Kiingereza huzitendea zote kama umoja: the water is, the milk has, the news has, her hair is. Taarifa na samani pia, information na furniture hazichukui s hata ziwe nyingi kiasi gani. Hizi aziandike ukurasa wake peke yake, azisome mara kwa mara. Penseli haitamsaidia hapo.

Mkazi_Newala
Shukrani sana wakuu. Nimemjaribu na ya magunia, ameikamata mara moja na akatunga nyingine kwa mihogo. Kanirudishia swali: "kila mmoja wa wakulima" inakuwaje? Farmers ni wengi.

Ticha_Nachingwea
Akate "of the farmers". Kinabaki each one: each one of the farmers has a card. Kwa Kiswahili angesema "kila mmoja wa wakulima ana kadi", asingesema "wana". Everyone na everybody ni hivyohivyo, umoja. Akimaliza hizo mpe police: the police have arrived, wingi, sawa na polisi wamefika. Ajitungie sentensi zake mwenyewe, na kila moja aseme kwanza ni neno gani linalokiongoza kitenzi.